Maumbo na Vipimo: Yasome Hata Majibu Yasiyo Sahihi

Anza na swali hili. Pembetatu ina pande za sentimeta 13, 14 na 15. Kitako ni ule upande wa sentimeta 14, na kimo kinachosimama juu yake ni sentimeta 12. Tafuta eneo. Chini ya swali kuna herufi tano: A ni 42, B ni 84, C ni 91, D ni 105 na E ni 168.

Kokotoa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Jibu ni B. Nusu ya 14 ni 7, na 7 mara 12 ni 84. Lakini usiondoke hapo, kwa sababu faida kubwa ya swali hili imo katika zile herufi nne ulizoziacha. Namba 168 inamsubiri aliyezidisha 14 kwa 12 akasahau kugawanya kwa 2. Namba 91 inamsubiri aliyeona 13, upande ulioegama, akaufanya kimo. 105 ni kosa hilohilo kwa upande wa pili, ule wa 15. Na 42 ni ya aliyejumlisha pande zote tatu: aliulizwa eneo, yeye akatafuta mzingo. Kila moja imetengenezwa kwa kosa ambalo wanafunzi hulifanya mwaka hadi mwaka, na anayelifanya hufurahi kuiona namba yake imeandikwa pale kwenye karatasi. Anaweka kivuli, anasonga mbele, anatoka chumbani akidhani amepata.

Mwongozo huu ni wako wewe wa darasa la saba unayejiandaa kwa Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, ule ambao Baraza la Mitihani la Tanzania huuendesha kila Septemba. Ukiwa wa darasa la tano au la sita, anza sasa, hutajuta. Na kama wewe ni mzazi, kaka au dada unayekaa na mtoto mezani jioni, soma pamoja naye ukiwa na kalamu mkononi.

Wengi hujiandaa kwa kukariri kanuni. Kanuni ni lazima, lakini katika maumbo na vipimo zote zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na mwenye nia huzimaliza ndani ya wiki. Anayekosa swali la duara mara nyingi anaijua kanuni ya duara. Amekosa kwa sababu ameweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Kwa hiyo kazi yako kubwa katika miezi iliyobaki ni kuyajua makosa kwa sura zake, kama unavyowajua watoto wa mtaa wenu, ili ukikutana nayo kwenye chumba cha mtihani uyatambue kabla hayajakupata.

Chora, hata kama mchoro upo

Swali likija kwa maneno matupu, chora. Likija na mchoro, uchore upya pembeni na uandike kila kipimo kwenye upande wake. Inaonekana ni kupoteza muda, lakini sekunde ishirini za kuchora huokoa dakika tatu za kufuta na kuanza upya. Unapoandika 18 kwenye urefu mmoja wa mstatili, mkono wenyewe unakukumbusha kuwa upande wa pili nao ni 18.

Chukua mfano. Mzingo wa bustani ya mstatili ni meta 60 na urefu wake ni meta 18. Upana ni ngapi? Asiyechora hutoa 18 kwenye 60 akapata 42. Anayejitahidi kidogo hutoa 36, akapata 24 na kuridhika. Aliyechora anaona wazi kuwa hiyo 24 ni ya pande mbili, anaigawa, anapata meta 12. Angeweza pia kuanza na nusu ya mzingo, 30, akatoa 18. Namba 42 na 24 zote mbili zitegemee kuziona miongoni mwa majibu ya kuchagua.

Onyo moja kuhusu michoro ya kwenye karatasi: usiipime kwa rula wala kipimapembe. Mchoro wa mtihani hauchorwi kwa vipimo halisi isipokuwa swali liseme hivyo. Pembe inayoonekana kama mraba si pembe mraba mpaka uone kile kialama kidogo kwenye kona, au uambiwe kwa maneno.

Mstatili ndio mama wa maumbo mengine

Kanuni za eneo zinasahaulika kwa sababu wengi huzikariri moja moja, kama vile hazina udugu. Zina udugu. Chukua kipande cha karatasi cha mstatili ukikate kutoka kona hadi kona. Umepata pembetatu mbili zinazolingana, na ndiyo maana eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Sasa chora msambamba kwenye karatasi nyingine, ukate pembetatu ya upande wa kushoto na kuihamishia kulia: umepata mstatili. Ndiyo maana eneo la msambamba ni kitako mara kimo, bila nusu, na bila kuutumia ule upande ulioegama. Fanya kwa mkasi mara moja tu, na kanuni hizi hazitakutoka tena.

Neno la kuliangalia hapa ni kimo. Kimo ni mstari unaotua kwenye kitako kwa pembe ya nyuzi 90, na katika pembetatu yenye pembe butu kimo kinaweza kusimama nje kabisa ya umbo. Usishtuke. Kitako ni kilekile, kanuni ni ileile.

Trapeza huwatisha wengi bure. Jumlisha pande mbili zilizo sambamba, zidisha kwa kimo, gawanya kwa 2. Pande sambamba zikiwa sentimeta 10 na 16, na kimo sentimeta 7, una 26 mara 7 ambayo ni 182, na nusu yake ni sentimeta za mraba 91. Hapa kuna njia ya kujikagua inayofaa kuliko kurudia hesabu yenyewe. Kama pande zote mbili zingekuwa 10, eneo lingekuwa 70. Kama zote zingekuwa 16, lingekuwa 112. Trapeza yako iko katikati ya hayo mawili, kwa hiyo jibu lolote chini ya 70 au juu ya 112 ni kosa hata kabla hujatafuta limetoka wapi. Ile 182 inaanguka yenyewe.

Ukaguzi wa namna hii ndio ninaoupenda kuliko wote, na unafanya kazi kwenye kila umbo. Duara lililochorwa ndani ya mraba haliwezi kuwa na eneo kubwa kuliko mraba huo. Ulalo wa mstatili, yaani ule mstari wa kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, lazima uwe mrefu kuliko urefu na uwe mfupi kuliko urefu na upana vikijumlishwa. Jizoeze kujiuliza, "Jibu langu lisipungue ngapi, na lisizidi ngapi?" kabla hata ya kutazama herufi.

Duara: kipenyo au nusu kipenyo?

Soma neno hilo mara mbili, lipigie mstari. Duara lenye kipenyo cha sentimeta 28 lina nusu kipenyo cha 14. Eneo lake ni 22/7 mara 14 mara 14. Usizidishe 14 kwa 14 kwanza. Gawa 14 moja kwa 7 upate 2, kisha 22 mara 2 ni 44, na 44 mara 14 ni 616. Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo kurahisisha kabla ya kuzidisha ni tabia ya kujijengea mapema. Aliyetumia 28 kama nusu kipenyo atapata 2,464, ambayo ni mara nne ya jibu, na ataikuta imeandikwa.

Mzingo wa duara hilohilo ni 22/7 mara 28, yaani sentimeta 88. Kumbuka kwamba mzingo ni urefu, una sentimeta tupu, na eneo lina sentimeta za mraba. Mara nyingine kizio kilichoandikwa kwenye majibu kinatosha kukuonya kuwa umeshika njia isiyo yako.

Namba 22/7 si pai yenyewe. Ni kadirio lake linalozidi kidogo sana. Pai ni 3.14159 na kuendelea, wakati 22/7 ni 3.142857. Mtihani ukikuambia utumie 22/7, mara nyingi nusu kipenyo kitakuwa 7, 14, 21, 3.5 au namba nyingine inayogawanyika vizuri na 7. Ukikuambia 3.14, tegemea 10 au 5.

Nusu duara ni mtego wa peke yake. Kipande cha bustani kina umbo la nusu duara lenye kipenyo cha meta 14. Mzingo wake ni ngapi? Mzingo wa duara zima ni meta 44, nusu yake ni 22, na hapo wengi huweka kalamu chini. Lakini anayezungushia bustani hiyo uzio hawezi kuuacha wazi ule upande ulionyooka. Ongeza 14, jibu ni meta 36. Robo duara nayo ni vivyo hivyo: robo ya mzingo, ukijumlisha nusu vipenyo viwili.

Kwenye maswali ya sehemu iliyotiwa kivuli, tafuta eneo la umbo kubwa, kisha utoe lisilotiwa kivuli. Mraba wa sentimeta 14 ukiwa na duara linalogusa pande zake zote nne, eneo lililobaki kwenye kona ni 196 kutoa 154, yaani 42. Sasa fikiria mraba huohuo, lakini badala ya duara moja katikati una robo duara nne, moja kila kona, kila moja ikiwa na nusu kipenyo cha 7. Sehemu inayobaki katikati ina eneo gani? Ni 42 vilevile, kwa kuwa robo nne ni duara moja. Ukiona mchoro uliojaa vipande vya duara, kwanza hesabu vipande hivyo vinaungana kuwa nini.

Vizio: hapa ndipo alama nyingi hupotea

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kufundisha kwa muda uliobaki, ningechagua hii. Mwanafunzi anajua kuwa meta 1 ni sentimeta 100, anajua vizuri sana, kisha anaandika kuwa meta ya mraba 1 ni sentimeta za mraba 100. Chora mraba wenye upande wa meta 1. Upande mmoja una sentimeta 100, upande wa pili una sentimeta 100, na ndani yake mna sentimeta za mraba 10,000. Kwenye ujazo unazidisha mara ya tatu: meta ya ujazo 1 ina sentimeta za ujazo 1,000,000.

Fundi anataka kuweka vigae vya mraba vyenye upande wa sentimeta 20 kwenye sakafu ya meta 4 kwa meta 3. Vinahitajika vingapi? Anayekosea kizio husema sakafu ni meta za mraba 12, sawa na sentimeta za mraba 1,200, anagawa kwa 400, anapata vigae 3. Vigae vitatu kwa chumba kizima! Mtu akitumia akili ile anayoitumia dukani hawezi kulikubali jibu hilo, lakini mbele ya karatasi ya mtihani akili hiyo mara nyingi huachwa mlangoni. Njia nyepesi ni kupanga vigae kwa mistari: urefu wa sentimeta 400 unachukua vigae 20, upana wa sentimeta 300 unachukua 15, na 20 mara 15 ni 300.

Kuna kosa jingine la vizio ambalo watunzi wa maswali hulipenda, nalo ni kuchanganya. Tangi la maji lina urefu wa meta 2, upana wa meta 1.5 na kina cha sentimeta 80. Linajaa ndoo ngapi za lita 20? Kabla ya kuzidisha chochote, geuza sentimeta 80 kuwa meta 0.8. Sasa 2 mara 1.5 mara 0.8 ni meta za ujazo 2.4. Meta ya ujazo 1 ni lita 1,000, kwa hiyo tangi linachukua lita 2,400, ambazo ni ndoo 120. Kariri mambo mawili tu hapa: sentimeta za ujazo 1,000 ni lita 1, na meta ya ujazo 1 ni lita 1,000. Mengine yote yanatoka humo.

Ngazi ya vizio vya urefu iandike kwenye jalada la ndani la daftari: kilometa, hektometa, dekameta, meta, desimeta, sentimeta, milimeta. Kila hatua ni 10. Kwa gramu na lita ngazi ni ileile, majina tu yanabadilika. Kisha kuna tani, ambayo ni kilogramu 1,000.

Mashamba hupimwa kwa hekta, na hekta ni mraba wa meta 100 kwa meta 100, yaani meta za mraba 10,000. Shamba la meta 250 kwa meta 80 ni hekta 2. Ili namba hizi zisielee hewani, kumbuka kuwa uwanja wa mpira wa meta 105 kwa 68 una meta za mraba 7,140, haufiki hekta moja. Mitaani tunazungumza zaidi ekari, na utasikia wakulima wakisema ekari ni hatua 70 kwa hatua 70. Hawajakosea sana. Hatua ya mtu mzima hukaribia yadi, ambayo ni sentimeta 91 na kidogo. Hatua 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari rasmi ni yadi za mraba 4,840. Lakini ukizihesabu hatua hizo kama meta 70 kwa 70, utapata shamba kubwa kuliko ekari kwa zaidi ya meta za mraba 800. Mtihani hauwezi kukuuliza hatua. Wanaokuuzia kiwanja wanaweza.

Swali la ramani na skeli nalo ni swali la vizio lililovaa nguo nyingine. Skeli ya 1:50,000 ina maana kila sentimeta 1 kwenye ramani ni sentimeta 50,000 ardhini. Barabara ya sentimeta 6 kwenye ramani ni sentimeta 300,000. Kilometa 1 ina sentimeta 100,000, kwa hiyo ni kilometa 3. Sifuri moja ikiponyoka unapata 30, na 30 itakuwepo.

Ujazo na nyuso

Ujazo wa mche wowote, uwe mstatili, mchemraba au mcheduara, ni eneo la kitako mara kimo. Mcheduara wenye nusu kipenyo cha sentimeta 7 na kimo cha sentimeta 10 una kitako chenye eneo la 154, na ujazo wa 1,540. Hakuna kanuni mpya ya kukariri.

Eneo la nyuso ndilo linalohitaji utulivu. Boksi la sentimeta 5 kwa 4, lenye kimo cha 3, lina nyuso sita zilizopangwa kwa jozi: 20, 15 na 12. Jumla yake ni 47, mara mbili ni 94. Swali likisema boksi halina mfuniko, ondoa 20 moja, jibu ni 74. Maneno "halina mfuniko" au "lililo wazi juu" yapigie mstari mara tu unapoyaona.

Swali jingine linalorudi mara kwa mara: upande wa mraba ukiongezwa mara mbili, eneo linaongezeka mara ngapi? Mara nne. Upande wa mchemraba ukiongezwa mara mbili, ujazo unakuwa mara nane. Ukiwa na shaka, jaribu kwa namba ndogo, 1 na 2, uone mwenyewe.

Pembe

Kwenye pembe, mambo ya kujua ni machache: mstari ulionyooka ni nyuzi 180, mzunguko mzima 360, pembetatu 180, pembenne 360. Kwa poligoni yenye pande nyingi, toa 2 kwenye idadi ya pande kisha zidisha kwa 180; pembesita ina nyuzi 720. Pembe ya nje ya pembetatu ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Ukiona mistari miwili sambamba inakatwa na wa tatu, pembe zote utakazozipata ni za aina mbili tu, ndogo na kubwa, na zikijumlishwa ni 180 (isipokuwa mkato ukiwa wa pembe mraba, ambapo zote ni 90).

Pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa ndiyo yenye mtego. Ukiambiwa pembe yake moja ni nyuzi 40, uliza ni ipi. Kama ni ya kileleni, zilizobaki ni 70 na 70. Kama ni ya kwenye kitako, zilizobaki ni 40 na 100. Mchoro au maneno ya swali yatakuambia, nawe uyatafute kabla ya kukokotoa.

Paithagorasi

Kanuni hii ni ya pembetatu yenye pembe mraba peke yake. Upande mrefu ni ule unaotazamana na pembe hiyo. Mraba wake ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili nyingine. Mafundi wa msingi wa nyumba huitumia kila wanapopima kona: meta 3 upande huu, meta 4 upande ule, na kamba ya kuunganisha ikitoka meta 5 kamili, kona iko sawa.

Kariri makundi manne: 3, 4, 5; kisha 5, 12, 13; kisha 8, 15, 17; na 7, 24, 25. Yazidishe upendavyo: 6, 8, 10 ni watoto wa lile la kwanza, na 9, 12, 15 pia. Ngazi ya meta 10 imeegemea ukuta, mguu wake uko meta 6 kutoka ukutani. Inafika juu meta ngapi? Ukiwa na makundi hayo kichwani unajibu 8 bila kutafuta kipeuo cha pili. Anayetoa 6 kwenye 10 anapata 4. Ngazi ya meta 10 haiwezi kufika meta 4 tu wakati mguu uko meta 6: upande mrefu lazima uwe mfupi kuliko pande mbili nyingine zikijumlishwa, na 6 na 4 ni 10 kamili.

Saa

Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tuna kazi ya ziada, na kazi hiyo ni rahisi ukiipanga. Kugeuza saa zetu kuwa za mfumo wa saa 24, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6: saa 3 asubuhi ni 0900, saa 9 alasiri ni 1500, saa 12 jioni ni 1800. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku ongeza 18: saa 2 usiku ni 2000. Saa 6 usiku ni 0000. Kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi toa 6: saa 11 alfajiri ni 0500. Andika mwenyewe jedwali la saa zote 24 mara moja, kisha ulibandike ukutani.

Basi limeondoka Dar es Salaam saa 12:45 asubuhi, limefika Arusha saa 10:20 jioni. Limetumia muda gani? Ukijaribu kutoa 12:45 kwenye 10:20 unakwama. Geuza kwanza: 0645 na 1620. Sasa toa, ukikumbuka kuwa saa moja unayoazima ni dakika 60, si 100. Saa 16 na dakika 20 ni sawa na saa 15 na dakika 80. Toa saa 6 na dakika 45, jibu ni saa 9 na dakika 35. Ukipata dakika 75, ujue umeazima 100.

Swali la pembe ya mishale ya saa nalo lina mtego wake. Ikiwa saa 4 kamili asubuhi, mshale mfupi kwenye saa ya ukutani unaelekea kwenye 10, na pembe ndogo kati ya mishale ni nyuzi 60. Tazama mshale, usitazame jina la saa.

Namna ya kupanga muda

Usifanye karatasi nzima ya mtihani uliopita kila siku. Hiyo inachosha na inafundisha kidogo. Fanya maswali sita au saba ya mada moja, kisha tumia muda uleule kuyachambua. Kwa kila swali la kuchagua, hata ulilopata, eleza kwa maandishi kila jibu lisilo sahihi limetokana na kosa gani. Mengine hutayapata, muulize mwalimu au mwenzako.

Ukishazoea, geuka uwe mtunzi. Andika swali lako la duara au la tangi, tafuta jibu lake, kisha utengeneze majibu manne yasiyo sahihi kwa kufanya makosa makusudi: sahau nusu, tumia kipenyo, changanya vizio, tafuta mzingo badala ya eneo. Mpe rafiki yako. Akinasa, mweleze amenasa wapi. Watoto wanne wanaobadilishana maswali ya namna hii chini ya mti baada ya masomo hufika mbali kuliko mmoja aliyejifungia na kitabu cha majibu.

Weka daftari dogo la makosa yako mwenyewe. Usinakili swali zima, andika kosa kwa sentensi moja: "Nilisahau kuongeza kipenyo kwenye nusu duara." Baada ya majuma machache utaona kuwa makosa yako si mengi kama ulivyodhani, ni matatu au manne yanayojirudia. Hayo ndiyo ya kusoma usiku wa kuamkia mtihani, na si kitabu kizima.

Ndani ya chumba

Kwenye maswali ya kuonesha njia, andika kanuni kwanza, kisha weka namba, kisha kokotoa, na umalize kwa kizio. Jibu la eneo lisilo na kizio cha mraba halijakamilika. Kwenye ya kuchagua, kokotoa ukiwa umefunika majibu kwa kiganja. Ukiyatazama mapema, macho yatakuchagulia. Swali likikushinda, ondoa kwanza herufi ambazo haziwezekani kwa ukubwa, kisha chagua kati ya zilizobaki. Usiache nafasi wazi.

Na ukibakiwa na dakika kumi, usirudie maswali ya kujumlisha na kutoa. Rudi kwenye yale yenye umbo au kizio, na uulize kila moja maswali matatu: Wameniuliza mzingo, eneo au ujazo? Nimetumia kipenyo au nusu kipenyo? Vizio vyote ni vya aina moja? Ukikuta limekosewa, futa kivuli cha kwanza mpaka kiishe kabisa kabla ya kuweka kingine.